Mifuko ya Uyoga Inageuka Kijani? Pima Hewa ya Banda Lako Kwanza



Huku kwetu Lushoto tuna ukungu wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa asubuhi, unaofunika Magamba, Shume na Mtae mpaka saa tatu au saa nne, halafu jua likichomoza unaondoka. Wa pili ni ule unaoota kwenye mkate, kwenye ukuta wenye maji na kwenye mfuko wa uyoga. Huo wa pili hauondoki na jua. Ili tusichanganyane, leo huo wa pili nitauita kuvu.

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa uyoga ni hili: "Bwana shamba, mbona mifuko yangu inageuka kijani? Nimeuziwa mbegu mbovu?" Kijana kapanda mifuko 200, wiki ya pili anakuta mifuko 40 ina madoa ya kijani. Anampigia simu aliyemuuzia mbegu, wanagombana, anatafuta mbegu sehemu nyingine. Mzunguko unaofuata, kijani tena.

Ni kweli mbegu inaweza kuwa mbovu. Inawezekana pia malighafi haikuiva vizuri kwenye pipa. Lakini kuna mtuhumiwa wa tatu ambaye watu wengi hawamhoji kabisa, kwa sababu haonekani: hewa ya chumba ulichopandia. Na hewa hiyo hiyo ndiyo unayoivuta wewe kila siku. Leo nataka tujifunze kuipima kwa njia rahisi, kusoma majibu yake, na kujua la kufanya.

Kuna nini hewani?

Kuvu huzaliana kwa spora. Hizi ni chembe ndogo mno ambazo kwa kuvu ni kama mbegu, ila usizichanganye na mbegu ya uyoga unayonunua kwenye chupa au mfuko. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Spora ya kuvu ya kijani inayoshambulia uyoga, ile ya jamii ya Trichoderma, ina mikroni 3 hadi 5 tu. Huwezi kuiona, na ukiwa na nyingi sana utadhani ni vumbi la kawaida.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo linalowaponza wengi. Kitu kidogo kiasi hicho hakianguki kama mchanga. Katika hewa iliyotulia, chembe ya mikroni 3 huchukua karibu saa nzima kushuka mita moja. Yaani ukifagia chumba saa mbili asubuhi kwa ufagio mkavu, halafu saa mbili na nusu ukaanza kupanda, spora ulizoamsha sakafuni bado zinaelea usawa wa kifua chako, na meza yako ya kupandia ndiyo zinapotua. Chumba kinaonekana kisafi, sakafu inang'aa, lakini hewa ni chafu kuliko kabla hujafagia.

Uyoga wenyewe ni kuvu, hivyo mahitaji yake na ya adui yake yanafanana: unyevunyevu, chakula laini na joto la wastani. Ukichemsha malighafi umeua wapangaji wa zamani, ila umeacha nyumba wazi yenye chakula tayari. Anayeingia kwanza ndiye anayeshinda. Na huku milimani kuna la ziada: kuanzia Juni hadi Agosti baridi ikikaza, utando mweupe wa uyoga hutembea taratibu ndani ya mfuko. Mfuko unakaa muda mrefu bila kujaa utando, na adui anapata nafasi zaidi. Hapo hewa safi wakati wa kupanda inakuwa na maana kubwa kuliko msimu wa joto.

Tatizo hili si la wakulima wadogo peke yao. Miaka ya 1980 na 1990 kuvu ya kijani ilipiga vibaya mashamba makubwa ya uyoga wa kizungu, kuanzia Ireland na Uingereza hadi Marekani na Kanada. Uyoga mamama nao ulipata pigo lake miaka ya 2000 katika nchi kama Korea Kusini, Italia na Hungaria. Wale walikuwa na mashine za kila aina. Kwa hiyo ikikutokea wewe, usidhani umerogwa.

"Lakini bwana shamba, hewa ya mlimani si safi?"

Ni safi, ila inategemea uko wapi. Mwaka 1860 mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, alitaka kuonyesha kwamba vinavyoozesha vyakula hutoka hewani. Alichukua chupa zenye mchuzi uliochemshwa, zikiwa zimefungwa, akazifungua kwa muda mfupi sehemu tofauti kisha akazifunga tena. Chupa 20 alizozifungua shambani chini ya milima, 8 zilioza. Chupa 20 za kwenye mlima wa mita 850 hivi, zilioza 5. Chupa 20 alizozifungua juu kabisa karibu na barafu, kwenye mita 2,000 hivi, ilioza 1 tu.

Kwa hiyo ndiyo, mlimani spora zinaweza kuwa chache. Lakini Pasteur alifungua chupa zake nje, kwenye upepo. Wewe unapandia kwenye chumba kilichofungwa, ukuta wa udongo, pembeni kuna gunia la maganda ya maharage, na mluati umenyesha wiki mbili mfululizo. Hewa ya humo ndani haina uhusiano na ile unayoipiga picha pale Irente.

Chukua funzo moja kwa Pasteur: alilinganisha. Hakusema hewa hii ni chafu kwa kuitazama, wala hakupima sehemu moja tu. Na sisi tutafanya hivyo hivyo.

Vifaa vya wakubwa, kwa kifupi

Wataalamu wana mashine za kazi hii. Mwaka 1952 J. M. Hirst wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, alitengeneza mtego wa spora unaonyonya hewa na kuzinasa kwenye kioo cha hadubini, na mitego ya aina yake bado inatumika kufuatilia magonjwa ya mimea na chavua. Mwaka 1958 A. A. Andersen wa Marekani akaja na kifaa cha sahani sita zilizopangwa ghorofa, kinachovuta lita 28.3 za hewa kwa dakika na kuzigawa chembe kwa ukubwa. Vinafanya kazi nzuri sana, ila ni vifaa vya maabara.

Siku hizi kuna vidude vidogo vya kielektroniki vinavyopima vumbi hewani kwa mwanga wa leza. Vijana wengi mmeviona mtandaoni na mnaniuliza kama vinafaa. Jibu langu ni hili: vinafaa kuonyesha vumbi wakati wa kukatakata mabua au kufagia, lakini havijui tofauti ya spora, moshi na udongo. Tena unyevu ukiwa mkubwa sana, matone madogo ya maji nayo huhesabiwa kama vumbi. Banda la mavuno lenye unyevu wa asilimia 80 hadi 90, au asubuhi ya ukungu wa mlimani, litakupa namba za kutisha ambazo si za kweli. Usitupe hela yako huko kwanza.

Njia yetu: sahani ya kutegea

Njia hii ni ya zamani, na bado inatumika viwandani na hospitalini. Unaacha sahani yenye chakula cha kuvu wazi kwa muda maalumu, spora zinaangukia humo, unafunika, unasubiri ziote, unahesabu.

Chakula chenyewe kitakufurahisha, maana ni viazi mviringo. Maabara nyingi duniani zinaotesha kuvu kwa supu ya viazi, sukari na agari. Viazi Lushoto si shida. Agari ni unga wa kugandisha unaotokana na aina fulani za mwani. Angalizo: mwani unaolimwa Zanzibar kwa wingi hutoa kitu kingine kiitwacho karajinani, kwa hiyo usichemshe mwani wa rafiki yako wa Paje ukategemea kupata agari. Nunua kwenye duka la vifaa vya maabara, au zungumza na mtu anayekuzalishia mbegu za uyoga, maana yeye lazima anayo. Tena kama anakubali kukuuzia sahani zilizoandaliwa tayari, chukua hizo. Utaepuka kazi nusu.

Kama unaandaa mwenyewe, kwa sahani 12 za upana wa sentimita 9 unahitaji robo lita:

1. Menya viazi gramu 50, katakata, chemsha kwenye maji hadi vilainike, chuja. Ongeza maji ifike mililita 250.
2. Weka glukosi gramu 5 na agari gramu 4 hadi 5. Koroga kwenye moto hadi agari iyeyuke.
3. Weka kwenye chupa inayohimili joto, mfuniko uwe umelegea kidogo, kisha ivukishe kwenye sufuria la presha kwa dakika 20 tangu presha ipande. Sufuria la kawaida halifai, maana kuna spora za bakteria zinazovumilia maji yanayochemka.
4. Ikipoa kiasi cha kushikika, mimina mililita 20 hivi kwa kila sahani safi ya maabara, sehemu isiyo na upepo, ukifungua mfuniko kidogo tu. Acha igande.
5. Weka sahani zote siku mbili bila kuzifungua. Yenye doa lolote, itupe. Zilizobaki safi ndizo za kazi.

Siku ya kupima

Chagua siku ya kawaida ya kazi. Usifanye usafi wa kupokea mgeni, maana unataka kujua ukweli wa banda lako. Pima sehemu tano, sahani mbili kila sehemu:

- Nje, upande unaotokea upepo, mbali na mboji na zizi.
- Stoo ya malighafi (mabua, maganda ya maharage, mabaki ya mkonge kutoka Mombo au Korogwe, chochote unachotumia).
- Chumba cha kupandia.
- Chumba cha giza, mifuko inapokaa kujaa utando.
- Chumba cha mavuno.

Sahani mbili zilizobaki usizifungue kabisa. Tembea nazo kila sehemu, kisha uzihifadhi na wenzake. Hizi ni mashahidi wako. Zikiota kitu, basi sahani zilichafuka wakati wa kuandaa na majibu yote hayaaminiki.

Weka sahani juu ya kigoda au ndoo iliyogeuzwa, kimo cha mita moja kutoka sakafuni, na kama chumba kinaruhusu iwe mita moja kutoka ukutani. Fungua mfuniko, toka nje, rudi baada ya dakika 30. Muda uwe ule ule kila sehemu, vinginevyo huwezi kulinganisha. Usiinamie sahani ukiongea na simu, maana mdomo wako nao una vyake. Funika, zungushia gundi ya karatasi, andika mahali, tarehe na saa. Zigeuze juu chini ili maji ya mfuniko yasidondokee chakula, uzikalishe sehemu yenye kivuli na joto la nyuzi 20 hadi 25. Wakati wa baridi chagua chumba chenye joto kidogo, ila si jikoni wala chumbani kwa mtoto.

Hesabu madoa siku ya tatu, na tena siku ya tano. Ukingoja zaidi, madoa yataungana na hutajua yalikuwa mangapi. Sahani ikijaa kiasi cha kutohesabika, andika "imejaa", na kipimo kijacho tumia dakika 10 sehemu zote.

Ukishaanza kuona madoa, usifungue tena sahani. Kila doa lina spora kwa mamilioni. Hesabu kupitia mfuniko. Ukimaliza, zitumbukize zikiwa kwenye mfuko kwenye sufuria la presha dakika 20 hadi 30, ndipo utupe. Sufuria hilo liwe la kazi hii tu, lisirudi kupikia.

Kusoma majibu

Rangi inakupa dokezo. Doa linaloanza jeupe likasambaa haraka na kugeuka kijani kibichi, mshukiwa mkuu ni Trichoderma. La bluu-kijani kama unga mara nyingi ni Penicillium, ndugu wa kuvu inayoota kwenye machungwa. Kijani cha moshi, njano au nyeusi inaweza kuwa jamii ya Aspergillus. Rangi ya chungwa inayokimbia na kupanda hadi kwenye mfuniko ni Neurospora, na hiyo ukiiona ujue ina mbio kuliko zote. Madoa ya kung'aa na kuteleza ni bakteria au hamira. Ila jina kamili linahitaji hadubini na mtu anayejua. Kama hasara ni kubwa, ulizia kwa wataalamu wa magonjwa ya mimea, mfano pale SUA Morogoro, kabla ya kusafirisha chochote.

Sasa namba. Tuchukue mfano, na namba hizi nimezitunga za kujifunzia tu. Wastani wa sahani mbili baada ya siku tano: nje madoa 14, stoo ya malighafi imejaa, chumba cha kupandia 22 na mengi ni ya kijani, chumba cha giza 9, chumba cha mavuno 30 na mengi ni meupe kama pamba. Sahani za mashahidi 0.

Mtu wa haraka atasema tatizo liko kwenye mavuno, kwa kuwa 30 ni kubwa kuliko 22. Hapana. Mavuno yana uyoga unaotoa spora zake, na hayo madoa meupe huenda ni ya uyoga wenyewe. Stoo kujaa ni kawaida, mabua makavu ndivyo yalivyo. Tatizo ni chumba cha kupandia. Hicho ndicho kingepaswa kuwa safi kuliko vyote, hata kuliko nje, na hapa kina 22 dhidi ya 14. Maana yake spora hazitoki nje ya nyumba. Chanzo kiko ndani. Na kama rangi za kupandia zinafanana na za stoo, basi fuata mlango unaounganisha vyumba hivyo viwili. Pale ndipo mwizi anapopita.

Watu huuliza, "namba ngapi ndiyo salama?" Hakuna. Hata Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevunyevu na kuvu ndani ya majengo, halikuweka kikomo cha idadi ya spora. Lilichosema ni kuzuia unyevunyevu na kuvu isiote. Kwa hiyo kikomo chako ni ulinganisho: ndani kwa nje, chumba kwa chumba, mwezi huu kwa mwezi uliopita. Kwenye chumba cha kupandia lenga madoa machache sana, mawili matatu au hakuna kabisa, baada ya usafi na hewa kutulia.

Cha kurekebisha

Kipimo bila hatua ni kujifurahisha. Anza na haya, kwa mpangilio huu:

*Tenga malighafi na kupandia.* Kukatakata mabua ndiyo kazi chafu kuliko zote. Ifanyike nje, chini ya banda la wazi, na malighafi inyunyiziwe maji kidogo ipunguze vumbi. Siku ya kupanda usikate mabua. Ukilazimika, panda kwanza, kata baadaye, na ubadili nguo. Mlango wa stoo usifungukie chumba cha kupandia.

*Jua upepo wa mteremko wako.* Hili ni letu sisi watu wa milimani. Mchana jua likipasha mteremko, hewa hupanda kutoka bondeni. Usiku ikipoa, hushuka. Ukiweka lundo la mifuko iliyokwisha na mboji chini ya banda, mchana kutwa linakupandishia spora. Ukiliweka juu, usiku linakushushia. Liweke pembeni, mbali, na lifunikwe.

*Safisha kwa maji, siyo kwa vumbi.* Piga deki jioni kwa maji yenye jiki, funga chumba, panda alfajiri hewa ikiwa imetulia. Ufagio mkavu usiingie humo. Usichanganye jiki na sabuni au dawa nyingine ya chooni.

*Tuliza hewa wakati wa kupanda.* Madirisha yafungwe, feni zizimwe, watu wawili wanatosha. Wanaopita pita na kupiga soga wakae nje. Futa mikono na meza kwa spiriti ya asilimia 70, na moto uwe mbali kabisa. Kisanduku cha kupandia chenye kioo au nailoni mbele na matundu mawili ya mikono kinasaidia sana, na fundi seremala wa kijijini anakitengeneza.

*Ondoa mifuko ya kijani kwa adabu.* Usiitikise, usiifungue, usiirushe kwenye ndoo. Ifunike na mfuko mwingine palepale ilipo, funga, toa nje jioni baada ya kazi nyingine zote kwisha, fukia au choma mbali. Anayetoa mifuko hiyo asirudi chumba cha kupandia siku hiyo.

*Ziba maji.* Bati linalovuja, ukuta unaonyonya maji ya mluati, mbao zilizolowa, hivyo vyote ni mashamba ya kuvu. Uyoga unahitaji unyevu kwenye hewa ya chumba cha mavuno. Hauhitaji ukuta unaotiririka maji. Paka chokaa, chimba mfereji nyuma ya banda, maji ya mteremko yapite pembeni.

Baada ya wiki tatu nne pima tena, sahani zile zile, sehemu zile zile, muda ule ule. Andika kwenye daftari pamoja na idadi ya mifuko iliyogeuka kijani. Baada ya mizunguko mitatu daftari hilo litakuwa na thamani kuliko ushauri wangu, kwa sababu ni la banda lako.

Na kifua chako je?

Hapa naomba usome taratibu. Mtaji ukipotea unaweza kuutafuta tena. Mapafu hayauzwi dukani.

Uyoga mamama uliokomaa hutoa spora nyingi mno, kiasi kwamba asubuhi unaweza kukuta unga mweupe juu ya mifuko ya chini. Wafanyakazi wa mashamba ya uyoga katika nchi nyingi wamepata ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na mwili kupambana na spora hizo na vumbi la malighafi. Dalili zake ndizo zinazodanganya: saa 4 hadi 8 baada ya kutoka bandani unapata homa, baridi, kikohozi kikavu, kifua kubana, mwili kuuma. Asubuhi nafuu. Ukirudi bandani, inarudi. Huku kwetu mtu kama huyo atasema ni malaria. Atanunua dawa dukani, ataona nafuu kwa kuwa alipumzika siku mbili, atarudi kazini, itarudi. Akiendelea hivyo kwa miaka, mapafu yanaweza kupata makovu yasiyopona.

Kwa hiyo homa na kikohozi vikifuata ratiba ya kazi yako, vikipungua ukiwa safari na kurudi ukirudi bandani, nenda hospitali na mwambie daktari waziwazi: "Mimi nalima uyoga, nafanya kazi kwenye vumbi la kuvu." Usingoje akuulize. Kupima malaria na kifua kikuu bado ni lazima, ila neno lako hilo linaweza kumfungulia njia nyingine.

Kinga yake nayo haina miujiza. Vuna mapema, kingo za kofia zikiwa bado zimeinama chini. Zikinyooka na kuanza kupinda juu, spora zimeshamwagika, na soko nalo linakataa uyoga mzee. Fungua hewa chumba cha mavuno nusu saa kabla ya kuingia. Vaa barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana pua na mashavu, maana kitambaa na zile barakoa nyepesi za bluu zinaacha hewa ipite pembeni. Mwenye pumu asifanye kazi ya kuvuna wala kukata mabua.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa vijana mnaoanza na chumba kimoja nyumbani kwa wazazi: usilime uyoga kwenye nyumba ambayo watu wanalala. Najua eneo ni dogo na mtaji ni mdogo. Lakini bibi na watoto wanavuta hewa ile ile usiku kucha bila barakoa. Jenga kibanda cha miti, nyasi na nailoni hatua kadhaa kutoka nyumbani. Ni afadhali mifuko 50 kwenye kibanda kuliko 200 sebuleni.

Kipimo hiki hakikuambii kila kitu

Tusidanganyane. Sahani inanasa spora zilizo hai tu, lakini spora zilizokufa nazo zinasumbua mapafu. Inanasa zaidi zile nzito, kwa sababu nyepesi huelea na kupita. Inakuonyesha nusu saa moja ya siku moja. Na sahani safi haithibitishi kwamba malighafi yako iliiva: kama kijani kinaanzia katikati ya mfuko, kagua pipa na muda wa kuvukisha. Kama kinaanzia juu, mdomoni mwa mfuko au ulipoweka mbegu, rudi kwenye hewa, mikono na mbegu. Angalia hilo kabla ya kumlaumu mtu.

Ukishapima, utaweza kumpigia muuza mbegu ukiwa na daftari mkononi. Kama hewa yako ni safi, mashahidi ni safi, pipa liliiva na kijani bado kinatokea kwenye mbegu, hapo una haki ya kudai. Na muuza mbegu mwenye akili atakusikiliza, maana umekuja na hoja, hukuja na hasira.

Wenye maswali kuhusu kuandaa sahani, niandikieni mkitaja kijiji na aina ya malighafi mnayotumia. Ukinitumia picha ya sahani, iwe imefungwa! Makala ijayo tutazungumzia pipa la kuvukishia: saa ngapi, kuni kiasi gani, na utajuaje kwamba katikati kumeiva.